Flashi Zikaoge Kwanza

Nimekabidhi funguo za chumba cha mitambo, nimepewa vitenge, keki na saa ya ukutani isiyotembea (nimeshaifungua, ni betri tu), na sasa nimekaa kibarazani kwangu hapa Kasulu naandika. Nyie mliobaki studio mliniambia: "Mama Devota, tuandikie maoni yako kuhusu Linux, usalama wa kompyuta na hizi habari za teknolojia." Maoni ninayo, tena mengi kuliko mnavyoyataka. Ila maoni ya fundi hayana uzito bila mambo yaliyompata, kwa hiyo nitawasimulia yaliyonipata. Vyeo nitaviruka, kama vyenyewe vilivyoniruka.

Mimi ni mtu wa Kasanda. Wazazi wangu walivuka kutoka Burundi wakiwa vijana, wakalima, wakazaa, na baadaye sana tukawa raia. Nyumbani tulikuwa na redio moja ya mkulima, na kazi yangu utotoni ilikuwa kuanika betri juani ili tusikie taarifa ya habari jioni. Kwa hiyo niliposikia kwamba Kibondo kunaanzishwa redio ya jamii na wanatafuta fundi mitambo, nilijiona nina uzoefu. Cheti cha umeme nilikuwa nacho, lakini kilichonipeleka pale ni zile betri.

Siku ya kwanza nilifika nimevaa viatu vya kisigino. Studio ilikuwa vyumba viwili, kimoja kimebandikwa trei za mayai ukutani ili sauti isirudi. Kwenye kile kingine alikuwa amechuchumaa mwanamume mwembamba, ameshika brashi ya kupakia rangi, anasugua tumbo la kompyuta iliyofunguliwa. Huyo ndiye Fundi Bukuru, mwalimu wangu. Jina lake lilitosha kukuambia kwamba alizaliwa pacha, yule wa kwanza kutoka, na aliishi hivyo hivyo, daima wa kwanza kufika kazini.

"Mwakeye, mama," alinisalimia kwa Kiha. "Hivyo viatu vivue. Shika tochi, mulika hapa. Unaona nini?"

Nikamulika. Ndani ya kisanduku cha umeme cha kompyuta alikuwa amelala mjusi, amekauka kama dagaa.

"Naona mjusi."

"Vizuri. Wenzako wawili waliokuja kuomba kazi waliona virusi."

Hapo hapo nikampenda. Alinifundisha kusikiliza mashine kabla ya kuigusa: feni inayokoroma imejaa vumbi, diski inayobisha hodi inaaga dunia. Vumbi letu jekundu la kiangazi mnalijua. Mpaka leo nawaambia, brashi ya rangi ya upana wa vidole viwili ni kifaa cha usalama wa kompyuta, hata kama vitabu vyote vimeisahau.

Virusi vyenyewe vilikuja baadaye, na vililetwa na kwaya.

Kila kwaya ya Kibondo ilikuwa na flashi. Mwenyekiti wa kwaya anaipokea kwa mpiga picha, mpiga picha ameichomeka kwenye kompyuta ya duka la kunakili nyimbo, na duka lile lilikuwa kama kisima ambacho ng'ombe, mbuzi na watu wote wanakunywa humo humo. Flashi ikifika kwetu, tunaichomeka moja kwa moja kwenye kompyuta inayorusha matangazo. Ile kompyuta nayo ilikuwa inaendeshwa na nakala ya wizi ya mfumo wa kulipia, ya bei ya embe, na kinga yake ya virusi ilikuwa imekufa zamani ila picha yake bado ilikuwa inatabasamu pale pembeni.

Basi Jumapili moja, ibada iko hewani, mhubiri amerekodiwa, sauti imepanda: "Na siku ile mlango utafunguliwa, na tutasikia..." Kompyuta ikazima. Ikajiwasha. Ikapiga ule muziki wake mfupi wa kuwaka, tiriiing, kwenye masafa yetu yote, mpaka Kakonko. Bukuru akarudisha mahubiri. Kompyuta ikazima tena. Tiriiing! Ilifanya hivyo asubuhi nzima. Mimi nilikuwa nalia, Bukuru anatokwa na jasho, na simu ya studio inaita bila kupumzika. Nikajua tumekwisha. Nikapokea.

"Redio," akasema bibi mmoja, "huo wimbo wa kengele ni wa kwaya gani? Ni mfupi mno. Mtupigie wote."

Bukuru aliposikia alikaa sakafuni akacheka mpaka akashika mbavu. Nami nikaacha kulia. Kesho yake asubuhi ndipo alipotoa mfukoni diski ambayo mfanyakazi mmoja wa misaada alimwachia kabla ya kuhama, akainyanyua kama padri anavyonyanyua hostia.

"Soma hapo."

Nikasoma: Ubuntu.

Nyie vijana mmeizoea. Hebu fikirieni sisi, watoto wa Kiha na Kirundi, tunaona neno la nyumbani limeandikwa kwenye diski iliyotoka ng'ambo! Ubuntu ni utu, ukarimu. Na kwetu kitu ukipewa ku buntu, umepewa bure. Tukaangaliana.

"Kwa hiyo ni ya bure?" niliuliza.

"Jina linasema lenyewe. Mzungu ametupa ku buntu, na wala hajui amesema nini."

Hiyo ndiyo Linux yangu ya kwanza; tuliiweka siku hiyo hiyo, tukaufuta ule mfumo wa wizi. Wimbo wa kengele ulikoma, na kwa majuma kadhaa wasikilizaji walikuwa wanauliza kwaya ile imehamia wapi.

Bukuru alistaafu kabla redio haijahamia Kasulu, akarudi shambani kwake. Kila nilipompigia kuhusu kompyuta alinijibu kuhusu mihogo, na mara nyingi jibu lilifaa. Kasulu nilipewa studio kubwa, mnara mrefu, meneja mpya na uhuru wa kufanya nitakavyo, ambao kwa fundi ni sawa na kufungiwa ndani ya ghala la sukari.

Kwa hiyo, maoni yangu kuhusu Linux, mliyoyasubiri kwa hamu, ni haya. Kompyuta ya kurushia matangazo ipeni Debian, ndugu mkubwa wa Ubuntu. Haina haraka, haina urembo, habari mpya huzipata mwisho kama mjomba wa kijijini, lakini ukiiacha inafanya kazi jioni utaikuta inafanya kazi asubuhi. Waandishi wa habari wapeni Ubuntu, maana wanapenda vitu vipya na hawapendi kusoma maelekezo. Meneja mpeni Mint, ndugu yao wa tatu. Nilimwekea Meneja Gervas Mint kwa sababu ina kitufe chini kushoto, pale alipozoea kubonyeza, na alikaa miezi bila kugundua kwamba nimembadilishia mfumo. Siku alipogundua alikuja chumba cha mitambo na uso wa mtu aliyeambiwa kwamba nyama aliyokula juzi ilikuwa ya sungura. Nikamuuliza kama ilikuwa tamu. Akakubali ilikuwa tamu.

Kuna fundi wa duka moja hapa mjini ambaye tulibishana naye miaka mingi. Yeye anaamini mtu asiyejenga mfumo wake mwenyewe kutoka mwanzo, mstari kwa mstari, hajui Linux. Kila akinikuta sokoni ananiita "Mama Debian" mbele ya wauza maharage. Namheshimu. Ila kompyuta yake imekuwa "karibu inakamilika" tangu Devota wangu yuko shule ya msingi, na Devota sasa ana watoto.

Zile flashi sikuzisahau. Nilichukua kompyuta kuukuu, nikaiwekea Linux, nikaikata kwenye mtandao wote, nikaiweka mlangoni pa studio na kuiandikia kwa chokaa: BAFU. Flashi yoyote, ya kwaya, ya diwani, ya askofu, inaoga pale kwanza. Tunaifungua, tunachukua nyimbo tu, uchafu unabaki. Mchungaji mmoja alikasirika.

"Mama Devota, unasema nyimbo za Bwana ni chafu?"

"Nyimbo ni safi, Baba Mchungaji. Chombo ndicho kilichopita sokoni."

Akafikiri, akacheka, na Jumapili iliyofuata alilihubiri lile neno. Malipo yangu kwa mahubiri hayo bado nayasubiri mbinguni.

Kuhusu paswedi nitasema kwa ufupi kwa sababu mnanijua, nikianza sinyamazi. Niliwahi kuwakuta watangazaji wote wanatumia jina la timu ya mpira, na wale wa timu pinzani walikuwa wanaingia kwenye kompyuta zao kuwabadilishia picha ya ukutani. Nikawaambia: tungeni sentensi ndefu ya kipuuzi, kitu ambacho shangazi yako tu angeweza kukisema. Ikafanya kazi. Mpaka leo nachekea moyoni nikikumbuka sentensi ya msoma habari wetu mkuu, mtu wa tai na sauti nzito, ambayo ilihusu bata na kaptula. Zaidi ya hapo sitasema, ni siri ya kazi.

Halafu ikaja siku ya kompyuta za bluu. Mnaikumbuka. Dunia nzima, apdeti moja mbaya ya programu ya ulinzi, na viwanja vya ndege vikasimama, benki zikasimama, watu wamelala juu ya mabegi yao. Meneja Gervas alikuja mbio na simu mkononi. Tukatazama picha za miji mikubwa yenye skrini za bluu kila ukuta. Kisha tukageuka kuitazama Debian yetu, imekaa kwenye kona na kitambaa cha kufunika vumbi kichwani kama bibi harusi, inapiga pambio na kusubiri kutangaza bei ya maharage ya Titye.

Jamani, furaha niliyoipata! Nilijua si ushujaa wangu, programu ile hatukuwa nayo basi. Lakini nilizunguka studio nikipiga vigelegele. Tukaingia hewani, mtangazaji akasema kwa madaha: "Msikilizaji, wakati mitambo ya dunia imesimama, redio yako ya Kasulu..." Umeme ukakatika. Na jenereta haikuwa na mafuta. Tulikaa gizani tukitazamana, na aliyeanza kucheka nadhani ni mimi.

Kisa kikubwa nimekiacha mpaka hapa kwa sababu kilitokea mwishoni mwishoni, na kwa sababu wengi wenu hamkuwa zamu asubuhi ile.

Papa Amani mnamjua, mtangazaji wa kipindi cha kambini. Yeye ni mkimbizi kutoka Kongo, anaishi Nyarugusu na mke na watoto, na huja studio kwa kibali. Asubuhi hiyo alikuwa anajiandaa kusoma taarifa ya habari, mimi nabadilisha waya wa maikrofoni, na Meneja Gervas yuko njiani anatoka kikaoni Kibondo. Simu ya studio ikalia, ujumbe wa sauti. Namba mpya, lakini picha ni ya meneja. Papa Amani akaufungua.

Ilikuwa sauti ya Gervas. Ile mikwaruzo yake ya koo, ule mvuto wa pumzi, yote. Ikasema: "Simu yangu imeharibika, natumia namba hii. Leo kuna tangazo la dharura. Kila kaya ya kambini itume ada ya uhakiki kwa namba nitakayowatumia, la sivyo itaondolewa kwenye mgao wa chakula kuanzia kesho. Lisomwe kwenye habari, lirudiwe mara kwa mara."

Namba ikafuata kwa maandishi. Uso wa Papa Amani ukabadilika. Hakuwa anafikiria habari, alikuwa anafikiria nyumba yake.

"Maman," akasema, "iko lazima tusome sasa hivi. Watu bapate muda wa kutafuta hiyo makuta, hiyo pesa ya ada."

"Ngoja kwanza. Mpigie meneja kwa namba yake ya zamani."

Haipatikani. Hilo lilikuwa sawa na maneno ya ujumbe, na lilikuwa sawa pia na vilima vya barabara ya Kibondo, ambako hata malaika hapati mtandao. Tukapiga ofisi ya kambini: inaita, haipokelewi. Nikauchukua ule ujumbe, nikaurudia. Kuna kitu kilinikera sikioni, kama feni iliyo safi kupita kiasi. Nikaurudia tena.

Sasa lazima niwaeleze jambo ambalo kwa heshima hatulisemi. Meneja Gervas ni Muha wa Titye kabisa kabisa, na herufi ya L hajawahi kuipatia tangu azaliwe. Kwake leo ni reo, chakula ni chakura, na dharura hubahatika kwa sababu L haimo. Huyu wa kwenye simu alisema "leo," akasema "lisomwe," akasema "lirudiwe," kila L imekaa mahali pake kama sahani kabatini.

"Papa Amani, huyu siye."

"Lakini ni sauti ya chef, ya mkubwa wetu! Minaijua!"

"Sauti ni yake. Ulimi si wake."

Nilikuwa nimesoma kwenye habari za teknolojia kwamba siku hizi akili mnemba ikipewa kipande cha sauti ya mtu inaweza kumsemesha chochote. Na sauti ya meneja iko hewani kila Ijumaa, yeyote anaweza kuirekodi. Niliisoma habari ile nikasema ni mambo ya huko kwa matajiri. Basi nikaichukua simu ya studio. Nikabonyeza, nikatuma ujumbe wa sauti: "Mwakeye, Meneja!"

Muha anaweza kukudhulumu shamba, anaweza kukunyima binti, lakini ukimwambia mwakeye ataitikia, hata kama nyumba inaungua. Jibu likaja upesi, kwa ile sauti: "Sawa. Soma tangazo sasa hivi, acha kuchelewesha."

Nikatuma tena: "Mwakeye?"

"Acha utani. Fanya kazi."

Papa Amani alisimama. Taarifa ya habari ilikuwa imefika. "Maman, mimi niko na batoto kule. Kama ni kweli na sisi tunanyamaza, nitabaambia nini? Nitasema mama mmoja alikataa sababu ya L?"

Sitawadanganya kwamba nilikuwa na hakika. Nilijua tu kwamba tukisoma, watu watauza unga wao na sabuni zao kabla ya jua kupanda, na neno likishatoka mnarani halirudi. Nikamwambia: "Tangazo la kweli likichelewa kidogo, tutaomba radhi. La uongo likitoka, tutaomba nini?" Nikamsogezea kipanya cha kompyuta. "Weka wimbo."

Akaweka kwaya, ile yenye beti nyingi ambazo hakuna aliyewahi kufika mwisho. Tukakaa. Beti zikapita. Papa Amani anapiga ofisi ya kambini, mimi nampigia meneja, wala hatutazamani. Ndipo simu ya mezani ikalia. Namba ngeni. Nikaipokea kwa vidole viwili kama kaa la moto.

"Haro? Haro! Mama Devota, mwakeye! Nimeazima simu ya dereva wa rori, yangu imeisha chaji. Mbona redio inapiga wimbo wakati wa habari? Kuna tatizo? Mitambo iko sarama?"

Niliruka. Mwanamke wa umri wangu, na goti langu hili, niliruka juu. "Ni yeye! Papa Amani, ni yeye!"

"Ni mimi nani?" Gervas akauliza. "Mmekunywa nini asubuhi yote hii?"

Nilipomweleza akasema kwa ukali ambao sikuwahi kuusikia: "Niunganishe hewani." Nikamuunganisha. Akazungumza kutoka pale barabarani, malori yakipita nyuma yake: "Wasikirizaji, mimi Gervas. Kuna mataperi wametengeneza sauti yangu. Hakuna ada ya chakura. Narudia, hakuna. Mtu asitume chochote. Na wa kambini, waambieni na majirani wasio na redio."

Muda si mrefu ofisi ya kambini ikapokea simu, ikathibitisha hakuna ada yoyote. Papa Amani aliposikia alifunika uso kwa karatasi za habari na mabega yakatikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka, au vyote viwili. Mama mmoja akapiga kutoka Titye, akaingia hewani bila salamu wala jina: "Huyo ndiye Gervas wetu! Huyo ndiye! Tumemjua!" Nyuma yake watu wanashangilia kama wamefunga goli.

Mchana meneja akafika, vumbi mpaka kwenye nyusi. Hakukaa. "Nionyesheni huyo mwizi." Nikampigia ule ujumbe. Akausikiliza ameinamisha kichwa. Akaomba urudiwe. Akausikiliza mara ya tatu, na taratibu ule ukali ukamtoka usoni.

"Aisee," akasema. "Hivi ndivyo ningekuwa kama ningezariwa Dar es Saraam."

Papa Amani akageukia ukutani kuficha kicheko.

"Mama Devota, usiufute. Porisi wapewe nakara yao, rakini na mimi nitumie. Nataka mke wangu asikie nikisema 'leo'."

Alisema "leo." Aliipatia! Yeye mwenyewe akashtuka, akashika mdomo wake kama mtu aliyemeza nzi, na hapo studio nzima ikaangua kicheko. Papa Amani alilala juu ya meza, msoma habari wetu mkuu alitoka na tai yake mkononi, mimi machozi yananidondokea kwenye miksa ya sauti. Katikati ya hayo nikainua macho nikaona taa nyekundu inawaka. Maikrofoni ilikuwa wazi. Kasulu yote, Nyarugusu yote, mpaka Manyovu mpakani kwa wabadilisha fedha, walikuwa wanatusikia tunavyocheka, na simu zote za studio zilikuwa zinaita.

Kazi yangu ilikuwa kuizima. Sikuizima.